Shule yenye jina kubwa si lazima imfae mwanao

KWA miaka mingi, mzazi wa Asembo Bay aliyetaka kumpeleka mwanawe katika shule ya upili hakuhitaji kuumiza kichwa. Aliyataja majina ya shule zinazosifika kandokando ya Ziwa Victoria, akangoja alama za mtihani wa darasa la nane, kisha akamwomba Mungu barua ya mwaliko itoke katika mojawapo. Maranda, Maseno, Lwak, Ng'iya, Kisumu Boys: jina peke yake lilikuwa jibu.

Hali hiyo imebadilika. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi likaingia Gredi ya 10. Tangu hapo, mtoto wa miaka 14 au 15 hutakiwa kuchagua mkondo, mchanganyiko wa masomo na shule, yote kwa pamoja. Akipelekwa mahali ambapo masomo aliyoyachagua hayafundishwi ipasavyo, sifa ya shule hiyo haitamsaidia hata kidogo.

Wadadisi wengi wa masuala ya elimu wamelalamika kwamba watoto wetu wanachaguzishwa mapema mno. Huenda ni kweli. Hata hivyo, lipo jambo zito zaidi ambalo halijapewa uzito unaostahili: watoto hao wanachaguzishwa gizani. Hakuna anayewaeleza bila kuficha shule wanayoitamani ina nini, na haina nini.

Tuutazame utaratibu wenyewe. Katika uteuzi wa kwanza, uliofanywa katikati ya mwaka 2025, kila mwanafunzi wa Gredi ya 9 alitakiwa kutaja shule 12: nne kwa mchanganyiko wake wa kwanza wa masomo, nne kwa wa pili na nne kwa wa tatu. Tisa kati ya hizo zilikuwa za bweni, tatu kutoka kaunti yake na sita za nje. Tatu zilizosalia zilikuwa za kutwa katika kaunti ndogo anakoishi.

Mtihani wa kitaifa ulianza mwishoni mwa Oktoba, na matokeo ya watahiniwa zaidi ya milioni 1.1 yakatangazwa Desemba 11, 2025. Kwa maneno mengine, mtoto alichagua kwanza, akaujua uwezo wake baadaye.

Nafasi zilipotangazwa mwezi huo huo, wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wao wamepelekwa katika shule wasizozichagua. Wizara ya Elimu ilifungua nafasi ya kuomba kubadilishiwa shule, na kwa siku kadhaa taifa zima likawa linailaumu kompyuta. Swali moja halikuulizwa katika kelele hizo: je, hata wale waliopata shule walizozitaka, walijuaje kwamba zinawafaa?

Ni rahisi kuelewa kwa nini wazazi wengi hawana jibu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 baada ya mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981, ulifuta kidato cha tano na cha sita. Waliosoma chini ya mfumo huo walibeba mzigo wa masomo ya sayansi na ya sanaa hadi kidato cha nne, na uamuzi mzito wa taaluma ukaahirishwa hadi mlango wa chuo kikuu. Ndio wazazi wa leo. Hawakupata kuulizwa wanayoulizwa watoto wao wakiwa na umri kama huo.

Anayeikumbuka hali kama hii ni babu au nyanya aliyesoma kabla ya hapo, enzi ambazo mwanafunzi wa kidato cha tano aliyetaka udaktari alijua kwamba shule isiyokuwa na masomo ya sayansi katika ngazi hiyo si shule yake, hata iwe na lango la dhahabu.

Sekondari ya juu ina mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati na Huduma kwa Jamii. Juu ya hayo huchagua masomo matatu ya mkondo wake. Hisabati nayo ina viwango viwili baada ya uamuzi wa Aprili 2025, wanafunzi wa sayansi wakisoma kile kilicho kizito zaidi.

Masomo hayo matatu ndiyo yanayobeba mustakabali wa mtoto. Anayetaka kuwa muuguzi bila Biolojia na Kemia amekwisha kufungiwa mlango kabla ya kuufikia. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya kuchagua shule ni kuweka majina ya shule kando, kumsikiliza mtoto na kuandika masomo yake matatu. Shule hutafutwa baadaye.

Chukua mfano wa Asembo Bay kwenyewe. Hapa palikuwa na gati ambapo meli kutoka Kisumu zilitia nanga, na hadi leo ziwa ndilo shamba la watu wengi. Miongoni mwa masomo ya mkondo wa sayansi yamo ya teknolojia ya bahari na uvuvi. Mtoto aliyekulia kati ya mitumbwi, anayejua omena hutegwa vipi na mbuta huoza baada ya muda gani bila barafu, anaweza kulitamani somo hilo kuliko mwingine yeyote nchini.

Lakini kuwapo kwa somo katika orodha ya taifa si kuwapo kwake darasani. Nani atamfundisha? Kwa vifaa gani? Katika shule ipi kati ya zile 12 alizoandika? Mzazi asipopata majibu ya maswali hayo, mtoto atakuwa amechagua neno tu.

Hali ni hiyo hiyo kwa kijana mwenye kipaji cha muziki, maigizo au soka. Katika eneo hili linaloipenda Gor Mahia kama dini, wapo wavulana na wasichana ambao mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ungewafaa. Hata hivyo, si kila shule ina mikondo yote mitatu. Mtoto kama huyo akijazwa katika shule yenye sifa ya sayansi kwa sababu tu kaka yake alisoma huko, kipaji chake kitaishia kwenye viwanja vya Jumamosi.

Tatizo linazidishwa na mahali watoto hawa wanakotoka. Desemba 2022 serikali iliamua kwamba sekondari msingi ziwe ndani ya shule za msingi. Wengi wa wanafunzi hao wamesoma sayansi bila kuingia katika maabara iliyo kamili. Mtoto huyo anapoandika Kemia na Fizikia, anaandika masomo ambayo ameyasikia zaidi kuliko kuyaona.

Je, shule zenyewe haziwezi kumwambia ukweli? Zinaweza, ila zina sababu ya kunyamaza. Fedha za serikali huifuata idadi ya wanafunzi. Kiwango rasmi ni Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba hazina ilimudu takriban Sh16,900 pekee. Mwalimu mkuu anayepungukiwa kiasi hicho hawezi kufurahia kupoteza hata mwanafunzi mmoja.

Fikiria basi mwalimu mkuu huyo akijiwa na mzazi anayeuliza kama shule ina mwalimu wa Fizikia. Akisema ukweli kwamba hana, mzazi ataondoka na mtoto wake, na fedha zitaondoka naye. Akisema kwamba mipango inaendelea, mtoto atabaki. Hapana haja ya kumwita mtu huyo mwongo. Utaratibu wa fedha ndio unaomlipa anyamaze.

Ndiyo maana shule nyingi hujitangaza kwa mabango ya matokeo langoni na kwa mabasi mapya yenye rangi za kupendeza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku kupanga shule kwa nafasi katika matokeo ya mitihani ya kitaifa, lakini mazoea ya kuipima shule kwa wastani wa alama hayakuondoka vichwani mwa watu.

Wastani wa alama hauonyeshi mengi katika mfumo wa sasa. Hauonyeshi kama alama hizo zilitoka katika somo ambalo mwanao analitaka. Wala hauonyeshi kama waliofundisha wanafunzi wale bado wapo, au kama shule iliwachuja wenye alama za juu tangu mwanzo. Shule inayopokea vichwa vikali na kutoa vichwa vikali imefanya kazi yake, ila haijathibitisha kwamba itamwinua mtoto wa wastani.

Basi mzazi aulize nini? La kwanza ni ratiba ya masomo. Mabango yanaweza kupamba, hotuba ya siku ya wazazi inaweza kupamba, lakini ratiba ya wiki iliyobandikwa ukutani haipambi. Ndani yake huonekana somo linafundishwa mara ngapi, na nani. Somo lililotangazwa kwenye tovuti lakini halina jina la mwalimu kwenye ratiba halipo.

La pili ni mwajiri wa mwalimu huyo. Walimu wengine huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, na wengine na bodi ya shule kwa fedha zinazokusanywa na shule yenyewe. Hawa wa pili aghalabu ni vijana wenye bidii, lakini mishahara yao hutegemea fedha zinazochelewa, na wakipata nafasi kwingine huondoka katikati ya muhula. Somo moja kati ya yale matatu likitegemea mwalimu mmoja wa bodi, mzazi anapaswa kuambiwa.

La tatu ni maabara na karakana. Kuwa na jengo lenye maandishi ya maabara mlangoni hakutoshi. Wanafunzi wangapi hutumia meza moja? Maji yanatoka bombani? Kemikali zilinunuliwa lini? Mwanafunzi wa shule hiyo atayajibu maswali haya kwa ukweli zaidi kuliko afisa yeyote, hasa akiulizwa njiani akienda nyumbani.

La nne ni gharama yote, na hapa ndipo familia nyingi za ufuoni huumia. Katika mwongozo uliotumika Gredi ya 10 ilipoanza, karo ya bweni katika shule zilizokuwa za kitaifa ilikuwa Sh53,554 kwa mwaka, na katika shule nyingine nyingi za bweni Sh40,535. Kiasi hicho hakihesabu sare, godoro, sanduku, nauli ya kwenda na kurudi, wala michango ambayo hutajwa mtoto akiwa tayari ameripoti.

Karo hulipwa kwa mgao wa asilimia 50, 30 na 20 katika mihula mitatu. Kwa shule ya Sh53,554, muhula wa kwanza hudai Sh26,777 na wa pili takriban Sh16,066. Sasa angalia kalenda ya ziwa. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kati ya Aprili na Julai ili samaki wazaane, na muhula wa pili huangukia miezi hiyo hiyo. Kwa mama anayeanika na kuuza omena, deni la muhula wa pili huja wakati mtego umetundikwa.

Familia hiyo ikiwa na shamba au duka la kuisaidia, huenda ikamudu. Isipokuwa nalo, mtoto atarudishwa nyumbani karo ikikosekana, na masomo ya sayansi hayamsubiri aliyekosa wiki tatu. Shule ya bweni yenye jina kubwa ambayo mtoto atahudhuria nusu ya siku zake ni duni kuliko shule ya kutwa atakayohudhuria kila siku. Hii ni hesabu ambayo mzazi na mtoto wanapaswa kuifanya pamoja kabla ya kuandika majina.

Haimaanishi kwamba shule ya kutwa ndiyo jibu la kila mtu. Wazazi wengi wa vijiji vya ziwani huwapeleka wasichana katika shule za bweni ili kuwaepusha na mambo ya ufuoni, ikiwemo desturi ya jaboya, ambapo mvuvi hudai mapenzi kabla ya kumuuzia mwanamke samaki. Msichana anayetembea kilomita nyingi alfajiri na jioni kupitia sokoni na ufuoni ana hatari ambayo hakuna maabara inayoweza kuifidia. Hofu ya mzazi huyo ni ya haki, na shule ya kutwa inayotaka kuaminiwa inapaswa kueleza watoto hufunguliwa saa ngapi na huenda vipi nyumbani.

Aidha, mzazi wa msichana ana haki ya kuuliza shule inafanya nini mwanafunzi akipata mimba. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 unatambua haki yake ya kurudi darasani baada ya kujifungua. Shule inayosita kujibu swali hilo imekwisha kulijibu.

Nayo bweni ina maswali yake. Septemba 2024, moto uliua wavulana 21 katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri. Mwaka 2001, wanafunzi 67 waliteketea Kyanguli, Machakos. Baada ya misiba kama hiyo, mzazi anayeomba kuliona bweni haoni haya wala hapaswi kuonewa. Ahesabu milango, atazame kama inafunguka kuelekea nje, aangalie kama madirisha yana vyuma, na aulize nani hushika funguo usiku.

Lipo pia suala la imani na kanuni za shule. Shule nyingi za Nyanza zilianzishwa na makanisa, na bado zina wafadhili wa kidini. Maseno ilianzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1906, na mwaka huo huo Waadventista wakaanza kazi yao Gendia, karibu na Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba. Mtoto wa Kiadventista anayejiunga na shule yenye masomo au mitihani ya Jumamosi anaweza kuishi miaka mitatu ya mvutano.

Mvutano kama huo umefika mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwapa Waadventista ushindi katika kesi kuhusu ibada ya Jumamosi shuleni. Januari 2019, kwa upande mwingine, Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi wa mwaka 2016 uliokuwa umewaruhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu katika shule ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Bila kujali nani alikuwa na haki, kesi hizo zinafunza kwamba kanuni ya shule huleta uchungu mdogo ikijulikana kabla ya mtoto kuripoti.

Baada ya maswali yote kuhusu shule, linabaki swali kuhusu mtoto mwenyewe. Anataka nini, na anaweza nini? Alama zilizotumiwa kuwapangia wanafunzi wa kwanza nafasi zilitoka katika sehemu tatu: asilimia 20 ya tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 ya tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 ya mtihani wa Gredi ya 9. Kwa hiyo mzazi hana sababu ya kungoja Desemba ndipo aujue uwezo wa mwanawe. Tathmini za miaka iliyotangulia zipo, na mwalimu wa darasa yupo.

Mwalimu huyo anapaswa kumwambia mzazi ukweli, hata ukiwa mchungu. Serikali imekuwa ikitaka asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi. Hilo ni lengo la taifa, lakini si sababu ya kumlazimisha mtoto mmoja mahususi. Mtoto anayeshindwa na Hisabati tangu Gredi ya 4 na kufurahia Historia hatageuka mhandisi kwa kuandikiwa Fizikia.

Wazazi wanaoogopa kwamba uchaguzi huu ni kifungo cha maisha wanaweza kumkumbuka binti mmoja wa Asembo. Grace Ogot alizaliwa hapa mwaka 1930, akasoma Ng'iya na Butere, akasomea uuguzi Uganda na Uingereza. Kutoka hapo alikuwa mtangazaji, mwandishi wa vitabu aliyesomwa duniani kote, mbunge na waziri msaidizi. Alipofariki mwaka 2015, wengi walimkumbuka kwa hadithi zake kuliko kwa dawa alizogawa. Njia ya kwanza haikuwa njia yake ya mwisho. Lakini katika kila njia alifundishwa kazi kamili, na hilo ndilo ambalo shule inamdai mtoto: ikiahidi somo, ilifundishe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya wenye nacho. Maskini wa Asembo Bay, watasema, hachagui. Huenda palipo karibu na panapolipika, na mchagua jembe si mkulima. Hoja hiyo ina uzito. Kuna familia ambazo shule 12 kwenye fomu zilikuwa moja tu maishani mwao.

Hata hivyo, maskini ndiye anayehitaji ukweli kuliko wote. Mwenye uwezo akikosea atamhamisha mwanawe na kulipia sare mpya. Mvuvi aliyeuza ng'ombe ili mtoto aripoti hana ng'ombe wa pili. Na hata mwenye shule moja tu bado ana uchaguzi wa masomo ndani ya shule hiyo. Akiambiwa kwamba hapa Jiografia na Biashara zina walimu hodari ilhali Fizikia haina mwalimu, atampanga mtoto kulingana na kilichopo, na ataweza kuibana serikali ilete kisichokuwapo.

Tuangalie majirani zetu wa Tanzania, ambao hawakuiacha elimu ya kidato cha tano na sita. Huko michanganyiko ya masomo huitwa tahasusi. Machi 2024 serikali yao ilitangaza nyongeza ya tahasusi 49 na kufikisha jumla 65. Jambo la kuigwa si wingi huo, kwa maana wingi wa tahasusi bila walimu ni wingi wa majina. Jambo la kuigwa ni kwamba wahitimu wa kidato cha nne wamekuwa wakiruhusiwa kubadilisha tahasusi kwenye mtandao baada ya matokeo kutoka na kabla ya kupangiwa shule. Mtoto huamua akiwa na alama zake mkononi.

Kenya inaweza kufanya hivyo bila gharama kubwa. Wiki moja kati ya kutangazwa kwa matokeo na kupangwa kwa nafasi ingetosha kumruhusu mwanafunzi kurekebisha mkondo na masomo yake. Ingepunguza pia msongamano wa maombi ya kubadilishiwa shule yanayofuata, ambayo hushindwa zaidi na wale wasiokuwa na mtandao wala mtu wa kuwapigia simu.

La muhimu zaidi ni kuchapishwa kwa ukweli wenyewe. Tume ya Kuwaajiri Walimu inajua kila mwalimu wake anafundisha somo gani na wapi. Wizara inakusanya taarifa za shule katika mfumo wake wa kompyuta. Taarifa hizo zikiwekwa katika ukurasa mmoja kwa kila shule, kwa Kiswahili na Kiingereza, kabla ya uteuzi kuanza, mzazi wa Asembo Bay atazisoma kwenye simu au atazikuta zimebandikwa katika ofisi ya chifu.

Ukurasa huo uwe na mambo machache: masomo yanayofundishwa kwa kweli, idadi ya walimu wa kila somo na mwajiri wao, hali ya maabara, nafasi za bweni, gharama yote kwa mwaka, na kanuni za ibada na mavazi. Kuachia kila mwalimu mkuu ajieleze kwa hiari ni kumwadhibu aliye mkweli na kumtuza mwenye bango kubwa. Wote wakilazimika kusema, mkweli hatapoteza kitu kwa kusema.

Wakati mageuzi hayo yanasubiriwa, shule za Rarieda na Bondo zinaweza kuanza zenyewe. Siku moja ya mlango wazi kabla ya uteuzi, watoto wa Gredi ya 9 wakatembezwa maabara, bweni na jikoni, kisha wakaachwa wazungumze na wanafunzi wa Gredi ya 10 bila mwalimu kusimama karibu, ingewafaa kuliko hotuba kumi. Nauli ya boda boda hadi shule jirani ni ndogo ukiilinganisha na karo ya mwaka mzima iliyopotea.

Mwalimu mkuu atakayemtazama mzazi machoni na kumwambia, "Mwanao anataka Fizikia, nasi hapa hatuna mwalimu wa Fizikia; mpeleke kwingine," atakuwa amempoteza mwanafunzi mmoja. Mtoto huyo hatasahau ni nani aliyemwambia ukweli. Wazazi wa vijiji jirani nao watalisikia jambo hilo, na mwaka unaofuata, shule hiyo itakapowaambia kwamba Kilimo na Biolojia ndizo nguvu zake, wataamini.